Mkebe wa Mama Nafula

Siku ninayoirudia kichwani kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ya baridi na mawingu, nilipokabidhiwa mbwa wa jirani nimchane manyoya. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa nimepita sabini, magoti yananiuma nikipanda ngazi, na bado nikisikia kifuniko cha mkebe kikibanduka mahali popote, hata dukani, moyo wangu hushtuka.

Sikuwa na nia ya kuisimulia. Lakini hapa mtaani Lucky Summer, katika jengo ninaloishi na binti yangu, vijana siku hizi wanapenda kufuga mbwa wadogo wenye manyoya marefu. Wanawaona kwenye simu, wanawaagiza, wanawaleta kwenye nyumba ya chumba kimoja. Wiki iliyopita nilimsikia mmoja akilia kwenye ngazi. Nikachungulia. Msichana wa ghorofa ya tatu alikuwa amembana mbwa wake katikati ya magoti, anavuta manyoya kwa brashi kama anayesugua sufuria iliyoungua.

"Tulia basi, Coco! Si ni wewe nasaidia?"

Nilitaka kusema neno, nikakosa pumzi. Nikarudi ndani nikaketi. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia, na nakuambia na wewe.

Tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, mistari ya vyumba vilivyotazamana na bomba la maji katikati. Mama yangu aliuza nguo za mitumba soko la Gikomba. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, aliyekuwa karani wa stesheni hadi alipostaafu. Mkewe tulimwita Mama Nafula. Alikuwa yaya kwa familia ya wageni upande wa pili wa mji, na wale wageni waliporudi kwao walimwachia mbwa wao mdogo. Ndivyo Popi alivyofika Makongeni.

Sisi tulizoea mbwa wa manyoya mafupi, mbavu nje, wanaolala vumbini na kuamka na vumbi hilohilo. Popi alikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba, rangi ya chai ya maziwa, na manyoya yaliyofagia sakafu akitembea. Watu walitoka nje kumwangalia.

"Mama Nafula," aliuliza Mama Otieno, jirani yetu mwenye ulimi mkali kuliko wote, "hiyo ni mbwa ama ni pamba imetoka kwa godoro?"

"Ni mbwa," akajibu Mama Nafula bila kugeuka. "Na Jumapili anaamka mapema kuliko wewe."

Kila jioni, akishatoka kwenye kazi mpya aliyoipata kwa familia nyingine, Mama Nafula aliketi kwenye kizingiti cha mlango na mkebe wake. Ulikuwa mkebe wa biskuti, wa bati, mwekundu, wa duara, picha ya juu imefutika. Ndani mlikuwa na brashi ya meno ya waya, kitana cha chuma chenye meno mapana, na chupa ndogo ya mafuta ya nazi. Kifuniko kilikuwa kigumu. Kilipobanduka kilitoa mlio, kong, tukausikia hadi kwetu. Popi, awe chini ya meza ya nani, awe amefuata harufu ya mahindi ya kuchoma hadi barabarani, alikuja mbio, akaweka kidevu kwenye goti la Mama Nafula, akafumba macho. Mama Nafula alichana huku akimweleza habari za kutwa: nani alimkosea kazini, nani alimwongezea sukari. Sikuwahi kumsikia yule mbwa akilia. Niliyaona hayo kila jioni kwa miaka, na sikutazama mikono yake hata mara moja.

Kisha Mama Nafula akaugua tumbo, akalazwa, hakurudi. Alizikwa kwao Bungoma. Mzee naye alishikwa na homa kule kule, akakaa miezi mitatu. Popi aliachiwa jirani mmoja, mtu mwema, aliyempa chakula na maji kila siku lakini hakumgusa. Mzee aliporudi alimkuta mbwa mwingine. Manyoya yalikuwa yamejisokota kuwa mafundo, mengine makubwa kama ngumi ya mtoto, kwapani, tumboni, nyuma ya masikio. Alitembea kwa kuchechemea kwa sababu kila hatua ilivuta ngozi.

Mzee hakuweza kumchana. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda vidole vyake hata kufunga vifungo vya shati kulimshinda. Lakini nilimwona, maana mlango wetu ulitazamana na wake: kila jioni, saa ileile, aliketi kizingitini, akaubana mkebe katikati ya magoti na kukibandua kifuniko kwa viganja viwili. Kong. Popi alikuja akichechemea, akaweka kidevu kwenye goti. Mzee aliweka mkono juu ya kichwa chake. Walikaa hivyo kwa muda, brashi haijaguswa, kisha mkebe ukafungwa.

Mama yangu alimwuliza siku moja anachofanya.

"Mama Njeri," akasema, "ule mlio ukitoka, na mbwa akaja, kwa dakika moja hii nyumba inakuwa na watu wawili tena."

Mama aliniambia maneno hayo jikoni, akifuta macho, akisema ni moshi. Kwa hiyo nilijua. Usije ukanitetea kwamba sikujua.

Mzee alinijia asubuhi ile ya Jumamosi. Nilikuwa msusi, mwanangu, na msusi mwenye sifa. Wasichana walitoka mitaa ya Jericho na Bahati kuja kusukwa na mimi, nami nilijisifia kitu kimoja: kwamba nilikuwa mwepesi. Kichwa kilichowachukua wengine kutwa nzima, mimi nilikimaliza kabla ya chakula cha mchana. Siku hiyo kulikuwa na arusi Bahati, na wasindikizaji watatu wa bibi arusi walikuwa wakinisubiri.

"Njeri binti yangu," Mzee akasema, "mikono yako inasifiwa mtaa mzima. Nisaidie na huyu. Anateseka."

"Nusu saa tu, Mzee. Ataniambia asante."

Alicheka kidogo. Alikuwa anakwenda zahanati kuchukua dawa ya vidole. Alinipa kamba ya mbwa na mkebe, na akiwa tayari amenipa mgongo aligeuka. "Usimharakishe. Mama Nafula alikuwa anaanzia nchani."

"Ndiyo, Mzee," nikasema, kama mtu anavyosema ndiyo huku anatafuta kiatu.

Kosa nililofanya ni kosa la msusi. Mtu asiye na kazi ile pengine asingelifanya. Nywele zetu, ukizilowesha, hulegea. Maji kwanza, mafuta, halafu kitana. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya kwa vichwa visivyo na idadi. Sikujiuliza kama manyoya ya yule mbwa ni kitu kingine. Nilichota maji bombani nikayapasha moto, nikamtia Popi kwenye karai, nikamsugua kwa sabuni ya kipande, mizunguko baada ya mizunguko, hadi povu likawa na rangi ya udongo.

Mama Otieno alikuwa akifua kando yangu. "Ati mbwa anaoshwa kichwa, na mimi sijasukwa tangu Krismasi!"

"Panga laini, mama. Huyu alikuja mapema."

Bomba zima likacheka. Nami nikacheka, nikazidi kusugua. Popi alisimama ndani ya karai akitetemeka, akinitazama tu.

Nilimfuta kwa gunia, nikamfunga kwenye msumari wa ukuta palipokuwa na kijua hafifu karibu na jiko letu la mkaa, nikaingia ndani kupanga nyuzi na vitana vya kazi ya mchana. Niliporudi, mafundo yaliyokuwa malegevu kama uzi wa sweta kuukuu yalikuwa yamekaza. Mgongoni na nyuma ya masikio manyoya yalishikamana kuwa kipande kimoja kizito, kama blanketi la sufu lililochemshwa. Nilibonyeza kwa kidole nisiione ngozi.

Manyoya ya namna ile yaliyojisokota, mwanangu, hukaza yakilowa na kukauka. Mafundo hufunguliwa kwanza, maji baadaye. Hayo tu. Mzee aliyajua kwa kumtazama mkewe, na kama ningemwuliza angeniambia kabla hajaondoka.

Redio ya jirani ilitangaza saa sita. Niliketi kwenye kizingiti cha Mzee, pale pale alipokuwa akiketi Mama Nafula, nikaubandua mkebe. Kong. Na Popi, hata baada ya maji yale, alikuja hadi kamba ikavutika. Nilimfungua. Akaweka kidevu kwenye goti langu.

Nikamshika shingo, nikakita kitana cha chuma kwenye mashina ya manyoya, nyuma ya sikio la kushoto, nikavuta. Alitoa sauti ndogo. Nikavuta tena, akalamba midomo na kugeuza kichwa pembeni. Mara ya tatu alijaribu kuondoka, nikamrudisha. Mara ya nne alinguruma chini chini, jambo ambalo hakuna mtu Makongeni aliyewahi kulisikia. Nayasema kwa mpangilio kwa sababu ndivyo yalivyokuwa: alinionya mara nne. Nilipovuta mara ya tano ngozi ya pale, nyembamba kama karatasi ya sigara, ikachanika. Popi akaniuma mkono, hapa chini ya kidole gumba. Kovu lipo.

Nami nikachukua kifuniko cha mkebe nikampiga nacho kichwani. Kong. Kong. Kong. Ya kwanza labda ilikuwa ya maumivu. Zile mbili nyingine zilikuwa zangu mwenyewe.

Hakuna aliyeona. Mama Otieno alikuwa ameingia kuangalia chungu chake. Nilimfuta damu kwa kitambaa, nikamfunga Popi ndani ya nyumba ya Mzee, nikafunga mkebe na kuuweka rafuni, nikaenda Bahati na mkono uliofungwa leso. Nilisuka vichwa vitatu. Wakanisifu.

Niliporudi jioni Mzee alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeshatunga maneno njiani.

"Mzee, Popi aliponyoka. Akajikwaruza kwenye mabati kule nyuma. Nilipojaribu kumkamata akaniuma."

"Popi amekuuma?" Alishika mkono wangu kwa vile vidole vyake vilivyopinda, akauangalia huku na huku. "Pole sana, binti yangu. Pole. Hebu kaa. Umeosha na chumvi?"

Ningependelea anichape. Aliniketisha kwenye stuli, akanipa chai, akaniambia mbwa akishikwa na hofu hajui rafiki. Popi alikuwa amelala kwenye gunia lake pembeni, sikio limevimba.

"Ngoja nimwite," Mzee akasema. "Nitamwekea mafuta pale palipochubuka."

Akautoa mkebe rafuni, akaketi kizingitini, akaubana katikati ya magoti. Nilitaka kusema usifungue. Sikusema.

Kong.

Popi alilala chini bapa, kana kwamba dari limeshuka. Kisha akatambaa kwa tumbo hadi uvunguni mwa kitanda, na nyuma yake sakafuni ukabaki mstari wa mkojo.

Mzee aliutua mkebe sakafuni. Alikigeuza kile kifuniko kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kimebonyea ukingoni, na palipobonyea palikuwa na nywele tatu nne za rangi ya chai ya maziwa. Sikuwa nimekifuta.

"Njeri."

"Naam, Mzee."

"Ni mabati ya wapi?"

Nilitazama chai yangu. Halafu nikamweleza yote, tangu maji hadi pigo la tatu. Nilikuwa nalia, lakini nilijua kuwa sikuwa nimesema chochote hadi nilipokamatwa, na yeye pia alijua.

Hakupandisha sauti. "Sikukuomba umpendezeshe," akasema. "Na kidonda kitapona, kidonda ni kitu kidogo. Miaka saba yule mama alifungua mkebe huu, hadi mbwa huyu akajua kwamba hapa hapana ubaya. Miaka saba, Njeri. Wewe umetumia dakika ngapi?"

Nikaweka kikombe chini.

"Kesho baada ya kanisa uje. Na ukija, uje huna pengine pa kwenda."

Nilikwenda. Nilikwenda kila siku, mwezi ule wote na uliofuata. Mzee aliketi kwenye stuli, mimi sakafuni, na kwa wiki ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mbwa. "Kaa tu," alisema. "Akutazame hadi achoke kukutazama." Mkebe tuliuacha rafuni. Brashi na kitana tulivitoa siku Popi akiwa nje, tukavifunga kwenye kitambaa cha kanga cha Mama Nafula.

Siku ya nane Popi alitoka uvunguni akanusa kiatu changu. Mzee akaniambia nishike fundo moja tu, lililo mbali na kidonda. Alinifundisha kama alivyokuwa amemtazama mkewe. Unatia tone la mafuta kwenye vidole. Unalishika fundo karibu na ngozi kwa mkono mmoja na kulibana hapo, ili mvuto wote uishie kwenye vidole vyako usifike kwenye ngozi yake. Kwa mkono wa pili unaanza nchani, unatenganisha nywele chache chache kwa vidole, kama mtu anayefumua mshono wa nguo asiyotaka kuiharibu. Kitana kinakuja baadaye, nacho kinaanzia nchani, kinapanda kidogo kidogo. Brashi ni ya mwisho kabisa.

"Na akilamba midomo?" Mzee aliniuliza kama mwalimu.

"Naacha."

"Akigeuza kichwa?"

"Naacha."

"Hata kama fundo limebaki nusu?"

"Hata kama limebaki nusu, Mzee."

Siku nyingine tulifungua fundo moja. Siku nyingine hatukufungua hata hilo. Mafundo ambayo maji yangu yalikuwa yameyageuza mawe hayakufunguka kamwe, ilibidi kuyakata. Mzee alinifundisha kupitisha kitana kati ya fundo na ngozi, na mkasi ukae upande wa juu wa kitana, usiguse mwili. Chini ya fundo la kwapa la kushoto tulikuta kidonda cha zamani, kibichi, chenye harufu. Alikuwa amekibeba miezi yote ile, na siku ya karai nilikisugua na sabuni. Mzee alikitazama, akanitazama, akasema tu, "Lete maji ya chumvi."

Wateja wangu walipungua. Mama Otieno aliniuliza bombani kama nimeajiriwa na mbwa. Nilimwambia ndiyo, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa maana nadhani walikuwa wameshasikia.

Kufikia mwezi wa tisa Popi alikuwa amefunguka mwili mzima. Alikuwa na mabaka, huku marefu huku mafupi, lakini alitembea bila kuchechemea, na alikubali kulala ubavu nikimchana. Ungefikiri mambo yameisha. Mzee naye alifikiri hivyo. Jioni moja akautoa mkebe, akauweka mapajani, akanitazama mimi kwanza. Kisha akaubandua, polepole alivyoweza.

Popi alikuwa amelala miguuni pangu. Aliondoka kama aliyechomwa moto.

Tulijaribu tena baada ya wiki. Tukajaribu nje, tukajaribu na kipande cha nyama ndani ya mkebe. Aliniamini mimi, niliyempiga. Hilo ndilo lililonishangaza. Mkebe, ambao haukumkosea kitu, hakuusamehe.

Mwisho wa mwaka shirika la reli lilimtaka Mzee arudishe nyumba. Binti yake Nafula alikuja kutoka Bungoma kumchukua. Walifunga vitu asubuhi: kitanda, redio, sufuria, picha ya arusi. Mbwa hangeweza kusafiri nao kwenye gari la moshi, Nafula alisema, na kwao kulikuwa na mbwa wakali ambao wangemmaliza siku ya kwanza. Mzee alisema Popi atabaki na mimi. Hakuniuliza kama nataka.

Mizigo ilipokuwa tayari kwenye mkokoteni, alirudi ndani ya kile chumba kitupu na mkebe mkononi, akaketi kizingitini. Nilisimama na Popi upande wetu wa ua. Nikamwona akiubana katikati ya magoti. Chumba kikiwa kitupu mlio ulikuwa mkubwa kuliko siku zote. Popi alijificha nyuma ya miguu yangu akiwa anatetemeka mwili mzima.

Mzee alingoja. Nafula alimwita mara mbili, "Baba, gari litatuacha," naye akangoja. Halafu alikirudisha kifuniko kwa kukibonyeza kwa viganja, taratibu, kikaingia bila sauti. Alinivukia ua akanipa ule mkebe.

"Usichoke," akasema. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Kabla ya mvua ndefu za mwaka uliofuata tulipata habari kwamba amezikwa kando ya mkewe.

Sikuchoka. Nilimchana Popi kila jioni kwa brashi iliyokaa kwenye kitambaa, na kila Jumamosi niliufungua mkebe mara moja, nikiwa mbali naye, nikiomba moyoni. Kila Jumamosi aliondoka. Niliolewa nikaenda naye nyumba nyingine, nikazaa, na mume wangu alizoea kuniona nikifungua mkebe mtupu na kuufunga. Popi alizeeka. Macho yake yakaingia ukungu, akawa analala sana.

Jumamosi moja alikuwa amelala kwenye mlango wa jikoni. Niliketi karibu naye, karibu kuliko nilivyowahi kuthubutu, nikakibandua kifuniko. Kong. Hakuondoka. Hakusogeza hata sikio. Alifumbua macho akaniona, akajikokota, akaweka kidevu chake kwenye goti langu.

Nililia kwa sauti, mwanangu. Nilimwita mama yangu, aliyekuwa amekuja kutusalimu, nikamwambia amekuja, amekuja kwenye mkebe, laiti Mzee angekuwepo. Mama alisimama mlangoni akitutazama. Kisha akasogea nyuma ya Popi, mahali ambapo hangeweza kumwona, akapiga makofi kwa nguvu, mara mbili.

Popi hakugeuka. Mama akachukua sufuria na mwiko, akagonga. Popi alikuwa amefumba macho, anangoja kuchanwa.

"Hasikii tena, Njeri," mama akasema.

Nilimchana. Nilianzia nchani.

Mkebe ninao hadi leo. Uko juu ya kabati, na ndani yake hamna kitu. Kesho, magoti yakinikubalia, nitapanda hadi ghorofa ya tatu nimgongee yule msichana mlango. Ninajua atasema, "Karibu shosho, kuna nini?" na sijui kama atakuwa na nafasi ya kunisikiliza. Kama hatakuwa nayo, haya nimeyaandika.

Mbwa wako, mwanangu, mchane kila siku ili pasiwe na fundo la kupigana nalo. Pakiwa na fundo, usimtie maji. Lishike karibu na ngozi, anzia nchani, tumia vidole kabla ya chuma, na akigeuza kichwa umwache. Amekuambia kwa lugha aliyo nayo. Fundo lisilofunguka likate, manyoya yataota. Usimshike kiumbe yeyote ukiwa na safari nyingine kichwani, awe mbwa, awe mtoto unayemsuka, awe mzee unayemwosha. Kabla hujaingiza mkono kwenye jambo la mwenzako, mwulize lilifanywaje na aliyelifanya kabla yako, na jibu likija uache kutafuta kiatu. Ukikosea, sema wewe mwenyewe, upesi, kabla hujapewa chai. Na usidhani kwamba majuto yako yana nguvu ya kurudisha kila kitu. Mengine hayarudi. Utayahudumia hivyo hivyo, kila jioni, bila kuahidiwa.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka. Akuepushe na dakika moja ya hasira inayomaliza miaka ya mtu mwingine. Na kila asiyejua kusema, akisikia unafungua mlango, aje.